Mkwezi wa miti akijiajiri, nani hulipia hatari ya kuanguka?

KILA msimu wa mvua ndefu unapokaribia, wenye nyumba katika mitaa ya Nairobi, Nakuru na Mombasa huanza kuitazama upya miti iliyo uani mwao. Mkaratusi ulioegemea paa au jakaranda yenye matawi makavu, ambayo wakati wa kiangazi ilikuwa kivuli, hugeuka kuwa tishio.

Hapo ndipo huitwa kijana mwenye kamba na msumeno wa injini. Mazungumzo ya bei huchukua dakika chache tu. Kabla ya adhuhuri atakuwa juu ya mti, huku mwenye nyumba akimwonyesha kwa kidole tawi la kukata.

Katika mapatano hayo, swali moja huulizwa kwa nadra sana: Je, akianguka?

Swali hili lina uzito zaidi wakati huu ambapo vijana wengi wanahimizwa kujiajiri badala ya kungoja kazi za ofisini. Zaidi ya asilimia 80 ya ajira nchini tayari imo katika sekta ya jua kali. Kukwea miti ni mojawapo ya kazi ambazo kijana anaweza kuzianza kwa mtaji mdogo: kamba, panga, msumeno wa kukodi na moyo wa ujasiri.

Hata hivyo, ni mojawapo ya kazi ambazo kosa moja humaliza biashara na pengine maisha.

Kujiajiri kwa kukwea si jambo geni nchini. Katika kaunti za Kilifi na Kwale, wakwezi na wagema wamejitegemea kwa vizazi vingi. Mgema hupanda minazi ile ile asubuhi na jioni, kotama mkononi, kutafuta tembo. Mkwezi wa nazi naye hulipwa kwa hesabu ya minazi aliyopanda, au hupewa sehemu ya nazi alizoangua.

Lakini ukwezi wa mjini ni kazi tofauti. Mnazi hauna matawi ya kumwangukia anayeupanda, na mkwezi wake hushuka akiuacha umesimama. Mkata miti hupunguza kile kile kinachomshikilia. Tawi zito likikatwa upande mmoja, shina huyumba. Msumeno unaokata tawi unaweza pia kukata kamba iliyomfunga kiunoni. Aidha, miti mingi ya mijini imepakana na nyaya za umeme, ambapo tawi bichi lililolowa linaweza kuupitisha umeme hadi kwa aliyelishika.

Tofauti ya pili ni ya kijamii. Mkwezi wa kijijini humpandia jirani anayemjua na atakayemwona kesho. Mkwezi wa mjini humpandia mtu ambaye huenda hatamwona tena baada ya kulipwa.

Ni hapa ambapo sheria inaingia, na ni hapa pia inapomwacha mkono.

Sheria ya Fidia kwa Majeraha Kazini ya 2007, inayojulikana zaidi kama WIBA, inamtaka kila mwajiri kuwakatia wafanyakazi wake bima. Mfanyakazi akifariki au akipata ulemavu wa kudumu kabisa kutokana na ajali kazini, fidia yake huhesabiwa kwa mapato ya miezi 96, sawa na miaka minane. Mahakama ya Juu iliidhinisha sheria hiyo Desemba 2019, baada ya kesi iliyodumu miaka mingi.

Kinga hiyo, hata hivyo, ni ya mtu aliyeajiriwa kwa mshahara au ujira chini ya mkataba wa kazi. Anayepatana bei ya mti mmoja, akaja na vifaa vyake, akakata na kwenda zake, ni mkandarasi machoni pa sheria. Miezi 96 haimhusu.

Anaweza kumshtaki mwenye nyumba kwa uzembe, lakini njia hiyo nayo ina miiba. Sheria ya Kenya kuhusu wajibu wa wenye majengo humruhusu mwenye boma kutarajia kwamba fundi anazijua hatari za kawaida za fundi yake na atajikinga nazo. Kwa mkwezi, kuanguka ndiyo hatari ya kawaida. Ujuzi aliojisifia wakati wa kutafuta kazi unaweza kuwa ushahidi dhidi yake mahakamani.

Kuna jambo jingine ambalo wengi wanaojiajiri hawalitambui. Mkwezi hafanyi kazi peke yake. Huwa na vijana wawili au watatu chini, wa kushika kamba, kuteremsha magogo na kuzuia wapita njia. Anapowalipa kwa siku, yeye mwenyewe huwa amegeuka mwajiri. Gogo likimwangukia mmoja wao, wajibu wa WIBA unaweza kumwangukia yeye.

Kwa maneno mengine, siku anapotoka kwenye kibarua na kuwa bwana wa kazi yake, anapoteza kinga aliyokuwa nayo na wakati uo huo anatwishwa jukumu la kuwakinga wengine. Mabadiliko hayo hutokea bila karatasi yoyote kutiwa sahihi.

Kiini cha tatizo ni bei. Tuchukue mfano wa kukadiria tu. Mkwezi anapatana Sh8,000 kukata mkaratusi. Wasaidizi wawili wanachukua Sh2,000, kukodi msumeno Sh1,500, petroli na oili Sh700, na usafiri wa vifaa Sh800. Anabaki na Sh3,000.

Kwa kibarua wa siku moja, hizo si pesa haba. Lakini ndani ya Sh3,000 hizo ndimo kunamopaswa kutoka kamba mpya, kofia ngumu, mshipi wa kujifunga, bima, na siku zote za mvua au za kukosa mteja. Mteja akimwambia kuwa mwenzake wa mtaa wa pili anakata kwa Sh6,000, kitakachopunguzwa si petroli wala ujira wa wasaidizi. Kitakachopunguzwa ni usalama, kwa kuwa ndicho kitu pekee ambacho ukosefu wake hauonekani siku hiyo.

Hivyo ushindani wa bei humwadhibu mkwezi mwangalifu. Anayenunua kamba nzuri huonekana ghali, naye anayepanda kwa kamba kuukuu huonekana mtu wa kuelewana na wateja.

Mambo yanaweza kupangwa vinginevyo. Nchini Uingereza, wakwezi wengi hujitegemea na kukodiwa kwa siku na kampuni za kutunza miti. Hata hivyo, kanuni za 2005 kuhusu kazi za mahali pa juu humbana aliyejiajiri jinsi zinavyombana mwajiri. Vifaa vinavyombeba mtu hutakiwa kukaguliwa na mtaalamu kila miezi sita. Mwongozo wa sekta hiyo wa 2020 pia unamtaka mkwezi ajifunge kwa kamba mbili, kila moja ikiwa imeshikizwa mahali pake, ili moja ikikatika nyingine imshike.

Hii haina maana kwamba ajali huko zimekwisha. Maana yake ni kwamba gharama ya usalama imewekwa katika bei ya kila mkwezi anayefuata sheria, kwa hivyo anayejikinga hashindwi zabuni kwa sababu ya kujikinga.

Kenya haiko mikono mitupu. Sheria ya Usalama na Afya Kazini, nayo ya 2007, inamtwika aliyejiajiri wajibu wa kujilinda na kutowahatarisha wengine. Kasoro ni kwamba wakaguzi wa serikali wamezoea viwanda na majengo yanayojengwa. Si rahisi mkaguzi kubisha lango la mtu binafsi kwa sababu mti mmoja unakatwa uani kwa saa nne.

Mlango ulio wazi zaidi ni wa kaunti. Jijini Nairobi, mwenye ploti anayetaka kukata mti hutakiwa kupata kibali kwanza. Maombi hayo hujikita katika mti wenyewe na sababu za kuukata. Kaunti ingeweza kuuliza pia ni nani atakayeukata, ana vifaa gani, na kama yeye na wasaidizi wake wana bima. Swali hilo moja lingewafanya wateja wote kuanza mapatano wakiwa na hesabu moja.

Wapo watakaosema kuwa masharti zaidi yatawafungia nje vijana maskini. Hofu hiyo ina msingi, kwani wengi watakwepa kibali na kukata Jumapili alfajiri. Ndiyo sababu masharti yanafaa kwenda pamoja na msaada. Mamlaka ya Kitaifa ya Mafunzo ya Viwanda, NITA, hutahini mafundi kama waashi na maseremala waliojifunzia kazini. Mkwezi mwenye uzoefu wa miaka kumi anastahili mtihani wa aina hiyo, ili cheti kimpe nguvu ya kutetea bei yake.

Vilevile wakwezi wenyewe wanaweza kuungana. Chama cha watu ishirini kinaweza kununua mishipi bora na kuitumia kwa zamu, na kujadiliana na kampuni ya bima kwa sauti moja. Bodaboda wametumia njia ya vyama na ushirika kununua pikipiki. Hakuna sababu wakwezi washindwe.

Michango ya Bima ya Afya ya Jamii, iliyochukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024, nayo ni hatua ya kwanza isiyofaa kupuuzwa. Lakini bima hiyo hugharimia matibabu. Haimlipi aliyevunjika uti wa mgongo ujira alioupoteza, wala haiwalipii watoto wake karo.

Desemba 2022 serikali ilizindua mpango wa kupanda miti bilioni 15 kufikia 2032. Kila mti utakaopandwa karibu na nyumba, shule au barabara utahitaji siku moja kupogolewa au kuondolewa, na aghalabu atakayeupanda ni kijana aliyejiajiri.

Kwa sasa, mwenye nyumba anayemwita kijana huyo anaweza kuanza na jambo dogo. Kabla ya kuuliza bei, aombe kuiona kamba. Akiikuta imechakaa, basi nafuu anayopewa imetokana na hatari ya mtu mwingine.