Muguu wenye kupinda: matibabu ya mutoto inaendelea nyumbani, na baba anahusika

Katika miji yetu ya migodi, Kolwezi, Likasi ao Fungurume, mutoto akizaliwa na miguu yenye kupinda, lawama ya kwanza inaangukia mama yake. Watasema alifanya vibaya wakati wa mimba, ao ni ulozi wa jamaa yake. Sisi watu wa sindika tunaona kama jambo hili linagusa pia kazi na mushahara.

Hali hii inapata karibu mutoto 1 kwa 1.000 wenye kuzaliwa, na wanaume wengi kupita mabinti. Matibabu iko. Munganga Ignacio Ponseti, wa Iowa kule Marekani, ndiye alionyesha njia. Wananyoosha muguu polepole kwa mikono, kisha wanaufunga platre. Kisha juma moja wanaitoa, wananyoosha tena, wanafunga ingine, mara 5 ao 7 hivi. Watoto wengi wanakatwa pia mushipa wa kisigino, kazi ndogo ya dakika kidogo, na platre ya mwisho inakaa majuma 3.

Wazazi wengi wanafikiri hapo imeisha. Hapana, hapo zamu yao ndiyo inaanza. Mutoto anavalishwa viatu viwili vyenye kuunganishwa na kipande cha chuma, saa 23 kwa siku, miezi 3. Kisha anavivaa usiku na wakati wa kulala muchana, mpaka miaka 4 hivi. Munganga hayuko pale saa nane ya usiku, wakati mutoto analia na jirani anaita: « Mama, mutolee ile vyuma, unamutesa! » Mama akivitoa leo, akivitoa kesho, muguu unarudia kupinda. Wanganga wanajua vizuri: sababu kubwa ya muguu kurudia ni kutovaa vile viatu.

Na baba je? Wengi wetu tunasema: nilishatoa makuta, ingine ni kazi ya mama. Lakini mama mwenye watoto wengine na soko hawezi kupigana peke yake na majirani, mama mukwe na usingizi. Baba akijua kufunga kiatu, kuangalia kama kisigino kimeingia muzuri na kama ngozi haina kidonda, na akisema mbele ya jamaa « hatuvitoe », ile neno inakuwa na uzito.

Kuhusu lawama, mwaka 2020 wachunguzi wa Universite ya Lubumbashi na wenzao wa Ubelgiji walitoa uchunguzi juu ya watoto wenye kuzaliwa Lubumbashi na kasoro yenye kuonekana. Kama baba anafanya kazi ya mugodi, uwezekano wa kasoro ulipita mara 5. Hii haisemi kama kila muguu wenye kupinda unatoka mugodini. Lakini inatosha ili tuache kumushitaki mama.

Sasa upande wa kazi. Code ya kazi, sheria nambari 015/2002, inamulazimisha patron kutunza mufanyakazi na jamaa yake, hata kwa vifaa vya mifupa vyenye kuandikwa na munganga. Vile viatu viko ndani ya haki hiyo. Wandugu wengi wa makompani ya sutretansi hawajui, na hakuna mwenye kuwaambia. Tena, Code inatoa siku 2 bibi anapozaa, lakini platre inaomba asubuhi moja kila juma. Baba akikosa posti, wanamukata. Basi anamuacha mama aende peke yake.

Tunaomba madelege waingize mambo matatu katika konvansio kolektive: ruhusa ya asubuhi moja kwa juma wakati wa platre, kubadilisha posti bila kukatwa mushahara, na viatu vipya kila mara mutoto anapokua. Kwa kompani, asubuhi 7 ni kitu kidogo. Mutoto yeye atavuta muguu maisha yake yote.

Wazazi wenzetu, musimufiche mutoto nyumbani. Muanze katika majuma ya kwanza, wakati muguu ungali laini; hata aliyechelewa, mumupeleke. Na wewe baba, siku ya platre usibakie inje. Ingia pamoja na mama yake, umuombe munganga akuonyeshe namna ya kufunga vile viatu, na uvifunge wewe mwenyewe mbele yake.