Kisima, Jaa na Kizuizi cha Ushuru

Mtoto aliyesoma chuoni, kabla hajafunzwa nguzo za Swala, hufunzwa maji. Vitabu vyetu vya fiqhi huanza na mlango wa twahara, na mlango wa twahara huanza na maji: yapi yatwahirisha na yapi hayafai. Sisi wa madhehebu ya Imamu Shafi twajua tangu utotoni kwamba maji yaliyotimia kulateni, nayo ni kadiri ya lita mia mbili na kitu, hayanajisiki kwa kuingiwa na najisi mpaka yageuke rangi, tamu au harufu. Yaliyo pungufu ya hapo hayana msamaha huo.

Nimeyataja haya kwa kuwa kisima cha msikiti wa kijijini kwetu, chenye maji ya kulateni nyingi, kiligeuka harufu katika masika ya 2024. Wazee wa msikiti wakakutana, maalim akatoa hukumu, kisima kikafunikwa mbao. Tangu siku hiyo twanunua maji ya mkokoteni kwa pesa za sadaka ya Ijumaa ili watu wapate kutawadha. Kisima hicho kilichimbwa na watu ambao hata majina yao hatukuyarithi, na hakuna mzee aliyepata kusikia kwamba kiliwahi kunuka.

Sababu yake si siri wala si uchawi. Pwani yetu imekaa juu ya mawe ya matumbawe, mawe yenye vitundu kama mkate wa kumimina. Mvua ikinyesha maji hayatuami juu yake. Hushuka moja kwa moja, na uchafu ulioko juu huyafuata. Sasa, nyuma ya msikiti, mwendo wa hatua mia tatu hivi, kuna timbo lililokatwa mawe ya kujengea kwa miaka mingi. Mawe yalipokwisha wachimbaji wakahama, shimo wakaliacha wazi. Shimo lisilo mwenyewe halikawii kuwa jaa. Walianza kutupa watu wa hapa hapa, kisha zikaja pikapu za usiku kutoka nyumba za wageni zilizoko barabarani, na leo ukisimama ukingoni waona nepi za dukani, chupa za plastiki, manyoya na matumbo ya kuku, magodoro yaliyooza. Mvua ya masika ikalijaza, nasi tukayaonja.

Jaa si kitu kigeni kwetu. Kila mtaa wa Kiswahili ulikuwa na jaa lake na kila mtu alijua mpaka wake. Lakini nini kilichotupwa humo? Machicha yaliliwa na kuku, vifuu viliwashwa moto au vikatengezwa pawa, makumbi yalifukiwa ufuoni yakatoka usumba wa kamba, majivu yalisugulia sufuria. Kilichofika jaani kilikuwa majani na maganda ya mihogo, na baada ya miezi michache mtu alikwenda na jembe akachukua mbolea ya kutilia migomba. Maji nayo yalikuwa na walinzi wake. Watu wa Lamu walifuga visamaki ndani ya mabirika ili wale viluwiluwi vya mbu, wala hawakungoja ofisi yoyote iwape ruhusa. Lugha yenyewe, ukiisikiliza, ilijua jambo hili: taka, takata, takasa na takatifu yamekaa jirani kama watoto wa nyumba moja.

Basi wako wanaotwambia: kama wazee wenu waliweza, nyinyi mwashindwaje? Neno hili nimelisikia kwa masikio yangu nilipokwenda kushtaki katika ofisi ya wadi. Kijana niliyemkuta nyuma ya meza namjua tangu akivaa kanzu ya chuoni, akaniamkia kwa adabu, akanipa kiti, kisha akasema: “Ami, gari la taka ni la mji. Nyinyi mko shamba, nafasi mnayo, chimbeni mashimo.” Nikamwambia: “Mwanangu, shimo tunalo, ndilo lililonileta.” Akacheka, akaandika jina langu kitabuni. Nimerudi mara tatu. Kitabu ndicho kile kile, na jina langu limo.

Huo mpaka wa mji na shamba ndio nisioukubali. Duka la kijijini leo lauza vile vile viuzwavyo mjini, kwa karatasi zile zile na chupa zile zile. Mifuko ya plastiki ya kubebea ilipigwa marufuku nchini tangu tarehe 28 Agosti 2017, na kwa kweli miti yetu ilipumua. Lakini nepi haikupigwa marufuku, wala chupa, wala hakuna jembe litakalozigeuza kuwa mbolea. Kumwambia mtu wa shamba azifukie mwenyewe juu ya mawe ya matumbawe ni kumwambia azitie ndani ya kisima chake kwa njia ndefu kidogo.

Na sheria nayo haikutenga mji na shamba. Mabaraza ya zamani na madiwani wake yaliondoka na uchaguzi wa tarehe 4 Machi 2013, zikaja serikali za kaunti. Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 limeandika kuwa uondoaji wa taka, majaa na utupaji wa taka ngumu ni kazi ya kaunti. Halikusema kaunti ya barabara ya lami tu. Ibara ya 42 yampa kila mtu haki ya mazingira safi yenye afya. Iko pia sheria ya 2022 ya usimamizi wa taka inayotaka zitengwe tangu nyumbani, zinazooza mbali na zisizooza. Nyumba yangu twatenga. Zinazooza huenda migombani. Zile nyingine zimekaa guniani zikingoja gari ambalo halijapata kuijua njia yetu.

Tusije tukaambiwa watu wa shamba ni wavivu. Vijana wetu walifanya ujima siku mbili baada ya Idi, wakafagia kutoka msikitini hadi bandarini, kina mama wakapika uji wa kunde na chai. Magunia yalijaa, yakapangwa kando ya barabara kuu, tukapeleka habari ofisini. Wiki ya kwanza ikapita, ya pili ikapita. Mbuzi wakayararua, upepo wa kusi ukazirejesha taka mlangoni kwa waliozifagia. Ujima wa pili waliokuja ni wanane. Mtume wetu (S.A.W.) ametufunza kwamba kuondoa udhia njiani ni katika matawi ya imani, na akatukanya tusichafue mahali pa maji, njia na kivuli. Hilo latuwajibisha sisi, na maalim halikosi mimbarini. Wenye kutupa usiku ni watoto wetu pia, na madereva wa pikapu hizo twawajua. Lakini ufagio ni wetu na gari ni lao. Aliyechukua kazi ya gari kisheria hawezi kunisomea hotuba juu ya ufagio.

Na pesa? Hapa ndipo moyo huniuma zaidi. Kwenye barabara yetu kuna kizuizi cha ushuru. Kila lori la mawe lipitalo hutozwa, alfajiri na jioni, jua na mvua. Mtoza ushuru hakosi hata siku ya mkesha wa Idi. Mawe hayo yamekatwa katika ardhi yetu na mashimo yamebaki kwetu. Kwa hivyo mkono wa serikali unaijua sana njia ya kijiji chetu. Waijua kwa kuchukua. Nataka kuona ubaoni pale ofisini shilingi ngapi zilizopita kizuizini mwaka huu, na ngapi zilizorudi kufukia timbo moja tu.

Watu wengine washauri mahakama, na Ibara ya 70 yamruhusu mtu yeyote kwenda bila hata kuthibitisha kwamba ameumia. Njia hiyo ipo lakini ni ndefu. Wakazi wa Owino Uhuru kule Mombasa, waliodhurika na sumu ya risasi, walishinda Julai 2020, wakapokonywa ushindi kwenye rufani, na Mahakama ya Juu ikawarudishia Desemba 2024. Kisima hakiwezi kungoja hivyo. Kuzungusha ua shimoni, kuweka zamu ya usiku na kuleta gari mara moja kwa wiki mbili si kazi ya majaji.

Barua ya kijiji imekwisha andikwa na kutiwa saini, na wasiojua kuandika wametia dole gumba. Nakala ya kwanza itapelekwa ofisini Jumatatu. Ya pili itabandikwa mlangoni mwa msikiti. Ya tatu tutaibandika pale kizuizini, ili kila dereva wa lori la mawe aisome akingoja stakabadhi yake.