Uhuru si Kuchagua Tu

Ukimwuliza mwanafunzi wa Kigali maana ya uhuru, aghalabu atakujibu papo hapo: "Ni kuchagua nipendacho." Jibu hili tumelisikia mara nyingi madarasani, nasi walimu tumelipa alama zote. Twakiri kwamba tumekosea.

Wahenga hawakumtukuza mchaguzi. Walisema mchagua jembe si mkulima, na mchagua nazi hupata koroma. Neno uhuru lenyewe lina asili ya Kiarabu, nalo lilimhusu mtu asiyemilikiwa na mwenziwe. Wanyarwanda husema ubwigenge, kutokana na kugenga, yaani kutawala. Na huo ndio uliotangazwa hapa tarehe 1 Julai 1962. Katika maneno hayo mawili, hakuna linalotaja kuchagua.

Basi kuchagua kulitoka wapi? Mwaka 1859 Mwingereza John Stuart Mill alitetea haki ya kila mtu kujipangia maisha yake, mradi asiwadhuru wengine. Hoja hiyo hatuibezi: binti aliyeozwa kwa nguvu hakuwa huru. Lakini wenye maduka wameichukua wakaipunguza, hata uhuru umekuwa kuchagua kati ya sabuni mbili, tena ukiwa na fedha.

Na tuitazame Unguja. Amri ya mwaka 1897 ilimruhusu mtumwa kwenda mahakamani kudai uhuru wake. Hiari ilikuwa yake. Lakini aliyeupata alitakiwa aonyeshe makazi na njia ya kujikimu, la sivyo ahesabiwe mzururaji. Na mashamba yalibaki mikononi mwa mabwana. Wengi wakaendelea kuishi na kufanya kazi katika mashamba yale yale. Walipewa hiari, pa kusimama hawakupewa.

Somo letu nalo lina mkasa wa namna hiyo. Mwaka 2017 Bunge la Rwanda lilipitisha Kiswahili kiwe lugha rasmi. Tukimwambia mtoto, "Uko huru kukisoma," na shuleni kwake hamna mwalimu wala kitabu, tumempa nini isipokuwa maneno?

Ndugu walimu, hatuna budi kulifundisha neno hili kwa ukamilifu wake: kwanza mtu asimilikiwe, pili awe na pa kusimama, ndipo achague. Kuchagua ni tunda la uhuru. Aliyenyimwa shamba, tunda ataliona kwa jirani.