Mchepuo usigeuke ukuta

Mhariri,

Binti yangu yuko kidato cha tatu hapa Dodoma. Mara tu walipogawanywa michepuo, wa sayansi walianza kuwaita wenzao wa sanaa "waliokimbia hesabu". Jambo hili linaniuma, hasa kwa kuwa sisi wazazi ndio tunaolipalilia nyumbani.

Ukweli ni kwamba masomo haya yanahitajiana. Chukua mradi wa karanga wa Kongwa, ulioanza mwaka 1947. Kwenye Historia wanafunzi husoma kwamba Uingereza, baada ya Vita vya Pili vya Dunia, ilikuwa na uhaba wa mafuta ya kula, ndiyo maana ikaleta matrekta Tanganyika kulima karanga. Sawa. Lakini kwa nini mradi ulikufa mwaka 1951? Hapo huwezi kukwepa udongo wa Kongwa, wenye mfinyanzi mwingi, ambao kiangazi hukauka ukawa mgumu hata karanga zikagoma kung'oka, wala mvua zake za kubahatisha. Hiyo ni Kemia na Jiografia. Na Wagogo, waliozijua mvua za kwao, nani aliwauliza? Swali hilo nalo halina jibu maabara.

Najua kidato cha tano kuna tahasusi kama CBG, inayochanganya Kemia, Baiolojia na Jiografia. Ila wengi hawafiki huko. Nawaomba walimu wa Historia na wa Kemia wa shule moja wafundishe pamoja mada ya namna hii, hata mara moja kwa muhula, darasa zima likiwepo. Kongwa si mbali na sisi. Watoto wapelekwe wakaushike udongo wenyewe.

Mzazi,
Dodoma