Kete Ibaki Ilipoachwa

Wazee wangu na vijana wenzangu wa vijiweni, kuanzia Sumbawanga mjini mpaka Laela, Matai na Namanyere, nina ombi: tuzilinde kete zetu.

Mnayajua haya. Drafti imenoga, mmoja anakaribia kupata kingi, watazamaji wamejaa. Mtu ananyoosha mkono kuonyesha njia, "kula hapa!", na mkono wa koti unakumba kizibo. Au ni mwezi wa saba, upepo wa kipupwe unafagia uwanda wetu ulio mita zipatazo 1,800 juu ya usawa wa bahari, na vizibo vya soda vinateleza juu ya kipande cha boksi. Hapo ubishi hauishi. Nimeona marafiki wa miaka mingi wakipishana bila salamu kwa ajili ya kizibo ambacho, naamini kabisa, hakuna aliyekisogeza kwa makusudi. Jina la Sumbawanga, mji wetu, hufasiriwa kuwa ni agizo la kutupa uchawi. Na shuku hizi nazo tuzitupe.

Kwenye bao kuna nafuu. Kete ni 64, na ikipotea moja hesabu inaumbua. Kizibo cha drafti kikihama chumba bado kimo ubaoni, na jumla haijapungua. Ndiyo maana naomba ubao wenyewe utunze kumbukumbu. Drafti yetu ya vyumba 64 inachezewa vyumba 32 tu. Viandikeni namba, 1 hadi 32, kama ilivyo kwa wachezaji wa mashindano wanaoandika kila hatua. Kete zikitikisika, mtaulizana namba badala ya kulaumiana. Na mwenye uwezo amwombe fundi seremala achimbe kila chumba kidogo tu, kizibo kikae ndani, upepo hautakiweza.

Mtazamaji, sema kwa mdomo, mikono ibaki mfukoni. Mchezaji, ukitaka kunyoosha kete iliyokaa upande, tamka kwanza "narekebisha". Uliyoigusa kimya, icheze. Ndugu wa bodaboda, abiria akikuita katikati ya mchezo, piga picha ya ubao kwa simu kabla hujawasha pikipiki.

Nanyi mnaocheza kwenye ramani za michezo ya kompyuta, ambako kidole kikiteleza mpiganaji anajikuta upande wa pili wa ukuta, ombi ni lile lile. Programu kama Foundry zinamruhusu msimamizi wa mchezo kumpa kila mchezaji mamlaka juu ya alama ya mpiganaji wake peke yake, kufunga alama isisogee, na kusimamisha mchezo ili wachezaji wasihamishe kitu wakati anaeleza jambo. Mwombeni aweke hayo sawa kabla hamjaanza.

Kesho jioni nitakuja kijiweni kwetu na kalamu ya wino mzito. Mwenye ubao aje nao, tuanze na chumba namba 1.