Si Kila Karata ni Kamari

Mwaka jana wavulana wanne wa shule moja ya bweni, si mbali na mji wa Kakamega, walirudishwa makwao kwa majuma mawili. Kosa lao lilikuwa kucheza karata bwenini baada ya chakula cha jioni. Hapakuwa na hata senti moja juu ya kitanda walichokizunguka. Mchezo wao ulikuwa briji; nami ndiye niliyewafundisha wawili kati yao wakati wa likizo, kwa hiyo nina deni la kuwatetea.

Wakubwa wa shule walisema kwamba karata ni kamari. Siwalaumu kwa hofu yao. Ni nani kati yetu asiyepata kuwaona watu wa pata potea, wenye karata tatu na mikono myepesi, wakimnyang'anya mkulima fedha za miwa yake kabla hajafika nyumbani? Lakini kumwadhibu mcheza briji kwa kosa la mcheza pata potea ni sawa na kumfunga mwuza dawa kwa kuwa mlevi naye hunywa kwa chupa.

Tazameni briji ilivyo. Wachezaji ni wanne, wawili dhidi ya wawili, na kila mmoja hupewa karata 13 ambazo mwenziwe hazioni. Kabla ya kutupwa karata ya kwanza hufanyika mnada. Anayenadi hataji fedha, hutaja kazi: huahidi kwamba yeye na mwenziwe watashinda mafungu kadhaa kati ya 13, na huchagua turufu. Lugha yote ya mnada ina maneno 15 tu: hesabu za moja hadi saba, pau, uru, kopa na shupaza, neno la kucheza bila turufu, na maneno ya kupita, ya kuzidisha maradufu na ya kuzidisha tena.

Kila mtu hupima nguvu zake. Ree ni alama 4, mfalme 3, malkia 2, ghulamu 1. Karata zote 52 zina alama 40. Mwenye alama 13 na shupaza tano hufungua kwa "shupaza moja", yaani mafungu saba, kwa kuwa sita ya kwanza hayatajwi. Mwenziwe mwenye alama 11 na shupaza nne hujibu "shupaza tatu": ninakuunga mkono, lakini endelea tu ikiwa umebakiza nguvu. Hapo ndipo penye mtihani. "Shupaza nne" huleta tuzo kubwa, nayo kwa kawaida hutaka alama zipatazo 26. Hawa wana 24. Mwenye tamaa huropoka nne, akaahidi mafungu 10, akapata manane, na hasara ikamwangukia pia mwenziwe aliyesema kweli. Naye mwoga, hata akiwa na alama 16, hupita, akaiacha tuzo iliyokuwa mkononi. Sijui somo jingine lipimalo majivuno na woga kwa hesabu dhahiri namna hii.

Nimesikia ikisemwa katika chumba cha walimu kwamba mnada huo ni lugha ya siri, mafunzo ya ujanja. La, hasha! Sheria yataka wapinzani waelezwe maana ya kila neno wakiuliza. Ishara nyingine yoyote, hata kikohozi cha makusudi, ni wizi. Mwaka 1965 huko Buenos Aires wachezaji wawili wa Uingereza walishtakiwa kwamba walijulishana idadi ya kopa kwa vidole walivyoshikia karata. Chama cha dunia kiliwaona wana hatia. Uchunguzi uliofanywa kwao Uingereza ukawaachilia mwaka uliofuata. Mwaka 1975 pazia likaanza kutumika mezani katika mashindano ya ubingwa wa dunia, ili wenzi wasionane nyuso. Wa pata potea watakubali pazia la namna hiyo?

Wavulana wamekwisha kurudi shuleni, lakini karata zao zingali zimefungiwa kabatini. Nimeandika barua kuziomba, na kumwalika mwalimu mkuu aketi nasi Jumamosi moja awe mtu wa nne, maana mmoja wa wale wavulana amekatazwa na baba yake asicheze tena.