Nyota ya Pembe Sita Si Cheti

Soko la vitu vya kale vya Kiyahudi lina maneno yake, na maneno hayo hupita kutoka kwa dalali hadi kwa mnunuzi bila mtu kuyahoji. Zulia, pazia la sinagogi, taa ya Hanuka, kikombe cha Sabato, kisanduku cha manukato: kila kimoja huja na hadithi. Zipo hadithi za kweli. Zipo pia nyingi zisizosimama, na hasara yake haiishii mfukoni mwa aliyenunua, kwa sababu hufuta majina ya watu waliokuwa na vitu hivyo. Hapa ninayajibu madai ninayoyasikia mara kwa mara.

Dai linalotangulia yote ni hili: zulia lina nyota ya pembe sita, basi ni la Kiyahudi. Wafumaji wa Anatolia, Kaukazi na Uajemi wameifuma nyota hiyo kwa vizazi na vizazi, na Waislamu wengi wanaijua kwa jina la mhuri wa Nabii Suleiman. Sarafu za Morocco za karne ya 19 zinayo. Kwa Wayahudi wenyewe ilipanda daraja polepole. Jamii ya Prague iliiweka kwenye bendera yake, karne ya 19 ikaenea katika masinagogi ya Ulaya, na Mkutano wa kwanza wa Wazayuni, uliofanyika Basel mwaka 1897, ukaipa sura ya alama ya taifa. Basi zulia la kijiji cha Kaukazi la miaka ya 1850 lenye nyota kumi na mbili halikuambii lolote kuhusu dini ya aliyelifuma. Tafuta herufi za Kiebrania, jina la mtu, mwaka, jina la karakana. Nyota peke yake ni nakshi.

Wapo wanaojibu kwamba la muhimu ni fundi: kitu cha Kiyahudi ni kile kilichotengenezwa na Myahudi. Tukilikubali hilo, makumbusho mengi ya Kiyahudi yatalazimika kuondoa kwenye makabati vitu vyao bora kabisa. Katika miji mingi ya Ujerumani vyama vya mafundi havikuwapokea Wayahudi, hivyo aliyetaka taa ya Hanuka ya fedha alimwendea fundi Mkristo. Johann Valentin Schüler wa Frankfurt, aliyefanya kazi mwishoni mwa karne ya 17 na mwanzoni mwa karne ya 18, alitengeneza taa za Hanuka zinazohesabiwa miongoni mwa zilizo nzuri kupita zote, naye hakuwa Myahudi. Yemen mambo yalikuwa kinyume. Ufuaji wa fedha ulikuwa kwa kiasi kikubwa mikononi mwa Wayahudi, na bibi harusi wa Kiislamu alivaa mikufu na vikuku vilivyotoka kwenye nyundo zao. Bukhara, Wayahudi walijulikana kwa kutia vitambaa rangi ya nili, na vitambaa hivyo vilivaliwa na watu wa dini zote. Mkufu wa yule bibi harusi wa Yemen si kifaa cha ibada ya Kiyahudi, na taa ya Schüler ni kifaa cha ibada ya Kiyahudi tangu siku ya kwanza ilipowashwa. Kinachoamua ni kazi iliyofanywa na kitu, na watu waliokitumia kwa kazi hiyo. Kwangu mimi hili ndilo swali la mkusanyaji: nani alikuwa nacho, na alikifanyia nini?

Upande wa pili wamesimama wanaosema hakuna zulia la Kiyahudi duniani, kwamba jina hilo limebuniwa na madalali. Ninaelewa wanakotoka, maana madalali wamelitumia vibaya. Lakini ushahidi upo, na una viwango. Berlin, katika Makumbusho ya Sanaa ya Kiislamu, kuna zulia la Hispania la karne ya 14 ambalo wataalamu wamezoea kuliita zulia la sinagogi. Katikati yake pana shina refu lenye matawi, na kila tawi linaishia kwenye umbo linalofanana na kabati lenye paa, ambalo wengi wamelisoma kuwa sanduku la Torati. Pindo lake lina maandishi ya mtindo wa Kikufi. Hapo tunafasiri umbo, na mtu anaweza kubisha kwa haki. Washington hakuna nafasi ya kubisha. Makumbusho ya Nguo yaliyoanzishwa na George Hewitt Myers mwaka 1925 yana pazia la Torati lililofumwa kwa mafundo kama zulia, kwa mtindo wa Cairo ya zama za Waosmani, karne ya 16 au mwanzoni mwa karne ya 17. Lina nguzo na tao kama mswala wa kifahari wa wakati huo, na juu yake, kwa Kiebrania, yamefumwa maneno ya Zaburi ya 118 kuhusu lango wanaloliingia wenye haki. Maneno hayo hayakutariziwa baadaye. Yamo ndani ya ufumaji wenyewe, yaani aliyeagiza alijua kabla uzi haujafungwa kwamba pazia linakwenda sinagogi. Padua, Italia, kuna jingine la ukoo huohuo.

Mazulia yalikuwa yameingia katika masinagogi mapema zaidi. Rabi Asher ben Yehiel wa Toledo, aliyefariki mwaka 1327, aliulizwa kuhusu mswala wa Kiislamu uliotundikwa ndani ya sinagogi, akakataza. Mtu hakatazi jambo ambalo halitendeki.

Kisha kuna Yerusalemu ya karne ya 20. Boris Schatz alianzisha shule ya sanaa mwaka 1906 na kuipa jina la Besaleli, yule fundi wa kitabu cha Kutoka aliyejazwa ujuzi wa kazi za kila namna. Ufumaji wa mazulia ulikuwa kati ya kazi zake za mwanzo, na wafumaji wengi walikuwa wasichana. Wafua fedha kutoka Yemen walifanya kazi katika karakana zake, na mchoraji Ze'ev Raban aliyefika mwaka 1912 akaacha mkono wake kwenye karibu kila aina ya bidhaa. Shule ilifungwa mwaka 1929, lakini miaka hiyo ya 1920 karakana ya Marvadiah nayo ilikuwa ikifuma mjini humo. Mazulia haya mara nyingi ni madogo, ya kutundika ukutani: Kaburi la Raheli, kinara cha matawi saba, pindo la herufi, na jina la karakana limefumwa humohumo. Wanaoyadharau husema yalikuwa vitu vya kuuzia watalii. Ni kweli mengi yaliuzwa kwa wageni na kupelekwa Ulaya na Marekani. Lakini kwa mkusanyaji anayeanza hakuna mazulia ya Kiyahudi yenye ushahidi ulio wazi kuliko haya, kwa kuwa yanajitaja yenyewe.

Kwamba dini ya Kiyahudi inakataza picha, hivyo zulia lenye Musa na Haruni lazima liwe bandia, ni dai la kujibiwa kwa sentensi mbili. Kuta za sinagogi la Dura-Europos nchini Syria, za karne ya 3, zimejaa picha za watu, na sakafu ya sinagogi la Beth Alpha ina Ibrahimu akiwa na kisu mkononi. Makatazo yalifasiriwa tofauti kwa nyakati na mahali tofauti.

Sasa fedha, ambako hela nyingi hupotea. "Chapa ipo, basi ni halali." Chapa ni kitu rahisi kughushi, na sababu ya kughushi iko wazi: bilauri ya kawaida ya fedha ikichongwa mstari mmoja wa Kiebrania hupanda bei mara nyingi. Chapa ya 84 ya Urusi, inayomaanisha fedha ya sehemu 875 kwa 1,000, imepigwa kwenye vitu visivyowahi kuiona Urusi. Hata chapa ikiwa ya kweli, maandishi yaweza kuwa ya juzi.

Chukua kikombe kimoja ukikague. Kimeandikwa kwamba ni zawadi kwa chama cha maziko cha mji fulani, na mwaka umetajwa kwa herufi: tav, resh, mem, vav. Tav ni 400, resh 200, mem 40, vav 6, jumla 646. Kwa desturi maelfu huachwa, hivyo unaongeza 1240 na kupata 1886. Geuza kikombe utazame chapa. Ukiona kichwa cha mwanamke aliyevaa taji la kitamaduni la Kirusi, una tatizo, kwa sababu chapa hiyo ilianza kupigwa mwishoni kabisa mwa miaka ya 1890. Pengine kikombe kilitengenezwa baadaye kwa kumbukumbu ya mwaka ule, muuzaji aeleze. Kisha soma herufi zenyewe. Mchongaji asiyejua Kiebrania huchanganya dalet na resh, he na het, na husahau kwamba baadhi ya herufi hubadilika umbo zikija mwisho wa neno. Chama cha maziko kilichojaa watu wanaosoma Torati kila juma kisingepokea kikombe chenye jina la chama lililokosewa. Angalia pia mikwaruzo: je, imepita juu ya herufi, au herufi zimekatwa juu ya mikwaruzo? Ndiyo maana ninawasihi watu wasing'arishe fedha kabla ya kuikagua. Masizi ya mafuta kwenye taa ya Hanuka ni ushahidi, na kitambaa chenye dawa huuondoa kwa dakika chache.

Tahadhari moja. Kitu kilichobadilishwa matumizi si bandia kwa sababu hiyo tu. Familia nyingi za Ulaya zilitumia kisanduku cha kawaida cha sukari, cha fedha, kuhifadhia tunda la etrogi wakati wa Sikukuu ya Vibanda. Kisanduku hicho kilifanya kazi ya ibada kweli. Kinachotakiwa ni ushahidi wa familia hiyo.

Kutokana na kuabudu fedha limezuka dai jingine, kwamba vitambaa ni mabaki ya kufungashia. Hili linaniuma zaidi ya yote. Katika jamii za Wayahudi wa Ujerumani, kitambaa alichovikwa mtoto wa kiume siku ya tohara kilikatwa vipande virefu, vikaunganishwa kuwa utepe, kisha mama au mtarizi akaandika juu yake jina la mtoto, jina la baba, tarehe ya kuzaliwa, na dua kwamba akue asome Torati, afunge ndoa, atende mema. Utepe ulipelekwa sinagogi ukalifunga gombo la Torati. Ukiufungua unamkuta mtu mmoja kwa jina na siku yake. Kikombe gani cha fedha kinakupa hayo? Katika dola ya Waosmani, gauni la harusi la mahameli lililotariziwa nyuzi za dhahabu lilifumuliwa likawa pazia la Torati. Ukichunguza utaona bado mkato wa shingo au mshono wa mkono. Na utamaduni wa uzi haujafungwa makumbusho: karibu na Mbale, Uganda, Waabayudaya, jamii iliyoanzishwa na Semei Kakungulu mwaka 1919, hutengeneza kofia za sala za rangi nyingi, nazo huvaliwa hadi Marekani.

Wengine hupinga ukusanyaji wenyewe: vitu vitakatifu havikusanywi. Ninaiheshimu hofu hiyo, lakini sheria ya Kiyahudi ina uchambuzi makini zaidi. Talmudi inatenganisha vilivyotumikia amri na vilivyotumikia utakatifu. Vya kwanza, kama lulavu (kuti la mtende la Sikukuu ya Vibanda) na pembe ya kondoo, vikimaliza kazi vyaweza kutupwa. Vya pili, kama joho la gombo la Torati, huhifadhiwa au kuzikwa kwa heshima, kama Waislamu wasivyoutupa jalalani msahafu uliochakaa. Ghala la sinagogi la Ben Ezra kule Fustat (Cairo ya kale), ambalo msomi Solomon Schechter alilipekua mwaka 1896 na 1897, lilijaa maandishi kwa sababu ya heshima hiyohiyo. Basi taa ya nyumbani haina uzito sawa na gombo, na anayetundika ngozi ya Torati sebuleni kama pambo hawezi kujitetea kwa mfano wa mwenye taa.

Limebaki dai la mwisho, na mara nyingi husemwa kwa sauti ya chini: wenyewe wamekufa, yamepita. Wenyewe waliuawa, na mali yao iliorodheshwa. Kuanzia mwaka 1942, chini ya utawala wa Wanazi, vitu vya ibada vya jamii zaidi ya 150 za Bohemia na Moravia vilikusanywa Prague, vikaandikiwa kadi na wataalamu wa Kiyahudi ambao karibu wote walipelekwa kambini baadaye. Magombo 1,564 ya Torati kutoka hazina hiyo yalifika London mwaka 1964, na mengi yamekopeshwa kwa jamii duniani bila kuuzwa. Jamii ya Danzig iliwahi: mwaka 1939 ilisafirisha vitu vyake New York kwa sharti kwamba, ikiwa baada ya miaka 15 hapatakuwa na Wayahudi huru Danzig, vibaki huko vifundishe watu. Baada ya vita shirika la Jewish Cultural Reconstruction, ambalo Hannah Arendt alikuwa katibu mtendaji wake, liligawa vitu visivyo na mrithi aliyejulikana kwa Israeli, Marekani na kwingineko, Afrika Kusini ikiwemo. Vingi vilipachikwa kibati kidogo chenye herufi JCR. Na mwaka 1998 nchi 44 zilikubaliana Washington juu ya kanuni za kutafuta na kushughulikia sanaa iliyoporwa na Wanazi.

Kwa hiyo muuzaji wa kitu cha Ulaya asiyeweza kusema kilikuwa wapi kati ya 1933 na 1945 hajamaliza kukieleza. Jina la mji likiwa limechongwa juu yake, jamii ile yaweza kuwa na warithi au kumbukumbu zinazokitaja. Kibati cha JCR kisibanduliwe hata kama kinaharibu sura. Piga picha za maandishi, chapa na mgongo wa kitu, uzipeleke kwa makumbusho ya Kiyahudi ya nchi kilikotoka, na usilipe hata senti kabla hawajakujibu.